Bastola Ndogo na Kinga ya Nafsi Mjini Bunia

Aghalabu mtu aliyekaa Bunia tangu miaka ya vita, kila aliposikia milio ya usiku, au habari za gari lililovamiwa katika barabara ya Mahagi zilipofika sokoni, amepata kujiuliza kama asingekuwa na amani zaidi lau angekuwa na silaha yake mwenyewe, ndogo, iliyofichika nguoni, ya kumhifadhi yeye na ahali zake. Swali hilo si la aibu, kwani kuilinda nafsi ni jambo ambalo kila kiumbe ameumbwa nalo. Walakini wengi wanaoliuliza huiwaza bastola peke yake, wasiiwaze risasi itakayotoka ndani yake, wala namna ya kuichukua mchana kutwa, wala sheria iliyo juu yake. Nami naona ni wajibu mambo hayo yaelezwe kwa utulivu kabla mtu hajatoa fedha zake na kuitia roho yake rehani.

Bastola inayosifiwa zaidi kwa kazi hiyo ni rivolva, yaani ile yenye silinda ya vyumba vitano au sita, kila chumba na risasi yake. Kidole kinapovuta kifyatulio, silinda huzunguka, chumba kipya husimama nyuma ya kasiba, na nyundo ndogo hushuka ikaipiga fataki iliyo kitakoni mwa ganda la risasi. Sifa yake kubwa ni kwamba risasi moja ikikataa kulipuka, mwenyewe huvuta tena tu ikaja nyingine, ilhali bastola ya magazini humlazimisha kuikokoa kwa mkono wa pili, mkono ambao saa ya hofu huenda umemshika mtoto.

Katika rivolva hizo ndogo, risasi iliyoenea zaidi duniani ni ile iitwayo .38 Special, iliyotengenezwa na kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani mwaka 1898, na unene wake ni takriban milimita 9. Hapa ndipo uteuzi unapoanza. Iko risasi iliyovikwa shaba mwili mzima, ambayo hupenya moja kwa moja na kuendelea na safari yake. Na iko ile yenye tundu kichwani, ambayo ikiingia mwilini hupanuka, ikapunguza mwendo na aghalabu ikasimama humo. Mataifa yaliyokutana The Hague tarehe 29 Julai 1899 yaliikataza ile ya kupanuka vitani kwa ukatili wa jeraha lake. Lakini polisi wa nchi nyingi huichagua mijini, kwa kuwa haielekei kupita ikamwua mtu wa pili asiye na hatia. Hata hiyo ina sharti lake, nalo ni mwendo wa kasi. Kasiba ya rivolva ndogo, iliyo na urefu wa sentimita tano hivi, haiipi risasi kasi ya kutosha, na mara nyingi tundu lile halifunguki, risasi ikapita kama ile iliyovikwa shaba. Mtu akitaka kuongeza nguvu kwa risasi kali zaidi, bastola iliyo nyepesi humrukia mkononi, shabaha ikapotea, na pengine vichwa vya risasi zilizosalia huvutika vikatoka kidogo kwenye maganda yake na kuikwamisha silinda.

Sasa na atazame mtu nyumba za mitaa yetu, hasa zile za miti na udongo, za mbao, na za mabati, ambamo ukuta wa jirani ni hatua chache kutoka wako. Risasi ya bastola hupita ubao na bati bila taabu, na ikimkosa mwizi, kama zinavyokosa risasi nyingi zinazopigwa gizani na mkono unaotetemeka, haitauliza ni nani aliyelala upande wa pili. Hilo kwangu ni zito kuliko yote, kwa sababu dhamana ya risasi haimtoki aliyeipiga mpaka itue.

Tena risasi zenyewe zitoke wapi? Zinazozagaa katika mkoa wetu wa Ituri kwa njia za magendo ni za vita, hasa zile za milimita 7.62 za bunduki za Kalashnikov, ambazo haziingii katika rivolva kabisa. Atakayeuziwa za rivolva kwa siri atakuwa amenunua asichokijua: zilikaa wapi, katika unyevu gani, na kwa miaka mingapi.

Kuichukua nako kuna elimu yake. Sharti ikae katika ala ngumu inayofunika kifyatulio, wala isitiwe mfukoni pamoja na funguo na senti, wala mkobani mwa mwanamke ambamo watoto hutafuta peremende. Rivolva nyingi hazina kizuizi cha kufunga kifyatulio, na zile za kale zaweza kufyatuka zikianguka chini, ndiyo sababu wajuzi huacha wazi chumba kilicho chini ya nyundo. Mwenye kupanda pikipiki katika barabara zetu kila siku anajua mwili unavyorushwa. Na mwenye kupita vizuizi vya askari anajua raia aliyekutwa na silaha atadhaniwa kuwa nani.

Sheria yenyewe ina historia ndefu. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, madola yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, uliokataza kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika nchi zilizo baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya Ikweta, na Ituri imo ndani yake. Mlango ukaachwa kwa msafiri mwenye hati ya serikali yake kwamba silaha ni ya kujikinga yeye tu. Bastola ikawa ya mgeni, na mwenyeji, pale aliporuhusiwa chochote, akaachiwa gumegume. Leo iko sheria ya Kongo namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, isiyomruhusu mtu kuwa na silaha ya moto wala risasi pasipo idhini ya serikali. Na tangu hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, ilipoanza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, makosa ya jinai ya raia yalipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi.

Wala sisi si wageni wa mji uliojaa silaha. Mei 2003, majeshi ya Uganda yaliyokuwa yameushika mji yalipoondoka, wanamgambo walipigana humu mitaani na mamia ya watu wakauawa, wakati silaha zilipokuwa mikononi mwa kila kijana. Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1484 tarehe 30 Mei, na mwezi wa Juni likaja jeshi la Ulaya lililoongozwa na Ufaransa, ambalo miongoni mwa amri zake za kwanza lilikataza silaha kuonekana mjini. Watu walianza kurudi majumbani kwa sababu bunduki zilipungua machoni pao, si kwa sababu kila mmoja alipata yake.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba Bunia si mahali pa bastola ya mfukoni, na fedha yake ni bora ikanunue mlango imara, taa ya nje, na maelewano ya majirani ya kuitana usiku. Na yeyote aliye na risasi iliyosalia nyumbani tangu vita, asiigonge, asiitie motoni, wala asiitupe jalalani watoto wanapochezea; amwarifu mkuu wa mtaa wake, ije ichukuliwe na wenye ujuzi nayo.