Sabuni Laini na Krimu ya Kunyolea: Ipi Yafaa kwa Maji ya Visima Vyetu?

Wakulima wanaofika ofisini kwetu kuuliza habari za minazi huuliza na mambo mengine pia. Moja lililoulizwa zaidi ya mara moja ni hili: dukani Ukunda kuna sabuni laini ya kunyolea ya kopo, na kuna krimu ya tyubu, na bei zake si sawa. Je, tofauti ni ya kweli, au ni ya karatasi ya nje tu? Swali hili si geni katika gazeti la wakulima, maana ndani ya vitu vyote viwili aghalabu mna mafuta ya nazi, na nazi ndiyo mali yetu tangu Tiwi na Diani hata Msambweni na Vanga.

Jibu kwa ufupi ni kwamba tofauti ni ya kweli, lakini ni ndogo kuliko unavyodhani. Tena, kitu kinachowaharibia kunyoa watu wengi wa ukanda huu si sabuni wala si krimu. Ni maji. Tutafika huko, lakini yafaa kwanza ujue sabuni yenyewe ni kitu gani.

Mafuta yakichanganywa na magadi makali hugeuka kuwa vitu viwili: sabuni, na gliserini ambayo ni maji mazito matamu. Magadi makali hayo yako ya namna mbili. Soda kali hufanya sabuni ngumu, kama ile ya mche tunayofulia. Potashi kali hufanya sabuni laini, ya kubonyea kwa kidole, ambayo huyeyuka upesi ikikutana na maji. Mtu anyoaye hataki kusugua brashi robo saa kabla ya kupata povu, kwa hiyo mtengenezaji wa sabuni ya kunyolea hutia potashi nyingi na soda kidogo. Akiongeza soda hupata kipande kigumu. Akiipunguza hupata sabuni laini ya kopo. Waitalia ndio mashuhuri kwa namna hii ya pili.

Krimu ya tyubu ni ndugu wa sabuni laini, baba mmoja mama mmoja. Nayo ni sabuni ya potashi, ila imezidishiwa vitu viwili. Cha kwanza ni maji. Cha pili ni asidi steariki iliyoachwa bila kugeuzwa sabuni. Asidi steariki ni ile sehemu ya mafuta iliyo ngumu na nyeupe kama nta, ambayo hutiwa hata katika mishumaa. Ndiyo inayoipa krimu uzito wake na ule mng'aro wa lulu unaouona ukiiminya. Basi katika kijiko kimoja cha sabuni laini mna sabuni nyingi kuliko katika kijiko cha krimu. Usilinganishe bei iliyoandikwa dukani. Andika kwenye kalenda siku uliyofungua kopo na siku lilipokwisha, kisha fanya vivyo hivyo kwa tyubu. Mwenye kufanya hivyo mara nyingi ataona kopo limemsaidia zaidi.

Iko na krimu isiyotaka brashi, ya kupaka kwa kidole tu. Barbasol ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1919, ni katika zile za mwanzo. Hiyo haifanyi povu. Ni kama mafuta mazito ya kujipaka. Na liko povu la mkebe wa gesi. Hapo gesi ndiyo inayofanya kazi ya mkono wako, na mimi kwa maoni yangu sioni sababu ya mkulima kununua hewa.

Sasa nazi inaingia wapi? Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya loriki, na sabuni yake hutoa povu upesi sana, hata katika maji ya chumvi. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walipewa sabuni ya nazi wakaweza kuoga kwa maji ya bahari. Lakini povu hilo ni la mapovu makubwa makubwa, na halikai. Tena sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi hata ikakakamaa. Sabuni ya asidi steariki ni kinyume chake: povu lake huchelewa, lakini likija huja zito kama tui la kwanza, nalo hukaa usoni mpaka umalize shavu la pili. Kwa hiyo watengenezaji huchanganya. Katika krimu nyingi za brashi kipimo kinachojulikana ni karibu sehemu tatu za asidi steariki kwa sehemu moja ya nazi. Zamani, badala ya asidi steariki iliyosafishwa, walitumia mafuta ya ng'ombe. Ukitazama hapo utaona kuwa sabuni ya kunyolea ni mambo mawili ya Kwale yaliyokutana: ng'ombe wa Kinango na mnazi wa Msambweni.

Na hapo ndipo wengine wetu tunapouliza swali la halali. Mafuta ya nyama yakiwa yametumika, mnyama alikuwa yupi, na alichinjwa vipi? Soma maandishi madogo nyuma ya kopo. Neno Tallowate maana yake ni sabuni ya mafuta ya mnyama, aghalabu ng'ombe. Palmate ni ya mawese, na Cocoate ni ya nazi. Neno Potassium mbele yake ni potashi, na Sodium ni soda. Neno Stearic Acid peke yake halitoshi, maana asidi hiyo hutoka kwa mnyama au kwa mawese. Mwenye kutaka yakini na atafute kopo lililoandikwa kuwa halina kitu cha mnyama, au lenye alama ya halali.

Turudi kwenye maji. Ukanda wetu wa pwani, tangu Tiwi hata chini Msambweni, umekaa juu ya matumbawe ya kale. Maji ya kisima hupita katika mawe hayo na kubeba chokaa, chokaa ile ile ambayo wazee waliichoma wakajengea nyumba na misikiti. Huioni kwa macho, lakini waijua: ni ule ukoko mweupe ndani ya birika. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Sabuni ikiingia humo, chokaa huikamata kabla haijafanya povu, nayo hugeuka utando wa kijivu unaoelea na kushika kwenye beseni. Mtu hulaumu kopo, akanunua tyubu; akalaumu tyubu, akanunua mkebe wa gesi. Anyoapo bila povu la kutosha, wembe hukwangua ngozi, na siku ya tatu shingo imejaa vipele.

Jaribu mwenyewe, kama tulivyokuwa tukiwafanyisha watoto darasani. Chukua chupa mbili zinazolingana. Moja itie maji ya mvua nusu, nyingine maji ya kisima nusu. Tia katika kila moja sabuni kiasi cha punje ya hindi, kipimo kile kile, uzibe, utikise mara 20. Chupa ya mvua itasimama povu. Ya kisima, ikiwa maji yake ni magumu, itakuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, na povu kidogo. Sasa chemsha maji ya kisima, yaache yapoe na kutulia, uyamimine polepole ukiacha machicha chini, ujaribu tena. Chokaa ya matumbawe kwa sehemu kubwa huachana na maji yakichemka, na povu litapanda. Lakini kama kisima chako kiko karibu na bahari na kimeingiwa na chumvi, kuchemsha hakutaiondoa. Hapo tegemea maji ya mvua ya masika uliyokinga kwenye pipa lenye kifuniko. Ndugu zetu wa upande wa Shimba, ambako mawe ni ya mchanga, mara nyingi hawaijui taabu hii.

Basi ipi yafaa? Kwa mtu anyoaye nyumbani, mwenye maji ya mvua au yaliyochemshwa, nasema sabuni laini. Ina nguvu zaidi, haipotei upesi, na kopo likifunikwa vizuri halidhuriki na joto letu. Krimu ya brashi ni nzuri kwa mwenye ngozi kavu, na kwa mwenye haraka, maana hupata povu hata asiyejua kutumia brashi. Ambaye hana maji mengine ila ya kisima kigumu, krimu isiyotaka brashi itamsaidia kwa kuwa haingoji povu, ingawa huziba wembe na hapana budi kuusuuza kila mara.

Kwa kinyozi hukumu yangu yageuka. Brashi moja ikiingia kopo moja kwa videvu kumi, kila mteja hupewa alichoacha mwenziwe. Kinyozi atumie tyubu, au achote sabuni laini kwa kijiko safi, na brashi ioshwe kila mtu. Na wembe uwe mpya kwa kila kichwa. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini huweza kusafiri kwa tone la damu usiloliona. Usione haya kumwambia kinyozi, «Tafadhali bwana, fungua mpya mbele yangu.» Kinyozi mwema hakasiriki.

Sabuni yo yote utakayochagua, kazi yake kubwa ni kuyashika maji yasikauke kwenye ndevu. Lowesha uso kwa maji ya moto kiasi, dakika mbili au tatu, ndipo upake. Sisi wenye ndevu za kujikunja tunyoe kufuata zinakoelekea, bila kuvuta ngozi, wala tusirudie mahali pale pale mara nyingi. Ndevu iliyokatwa chini mno hurudi ndani ya ngozi, na hicho ndicho kipele.

Vikundi vya akina mama vinavyokamua mafuta ya nazi vimeuliza kama vyaweza kutengeneza sabuni laini. Vyaweza, lakini si kwa kukisia. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hutaka kama gramu 183 za soda kali safi, au kama gramu 257 za potashi kali safi. Potashi iuzwayo mara nyingi ni safi kwa sehemu 90 tu katika 100, kwa hiyo kipimo chake hufika kama gramu 285. Mwenye kuchukua kipimo cha moja akakitia kwa nyingine atapata ama sabuni yenye mafuta yaliyobaki, ama sabuni itakayouchoma uso. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Mafuta mengine yana vipimo vyao, usitumie hivi. Na kabla ya kuuza dukani, sheria yataka alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya.

Tia magadi katika maji baridi kidogo kidogo. Kamwe usimwagie maji juu ya magadi, maana yatafoka. Usitumie sufuria ya alumini, maana magadi huila na kutoa gesi inayowaka. Vaa glovu, na miwani ya kukinga macho. Yakikurukia, suuza kwa maji mengi kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Yanayobaki yafungie katika chombo chake cha asili, mahali pa juu pasipofikiwa na watoto, na usiyatie kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa.