Ushairi: Hukumu Yake na Uzito wa Kuutunga

Ama baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumsalia Mtume wake (S.A.W.): wanafunzi wetu huku Tukuyu wanapoanza kutunga mashairi huuliza mambo mawili. Je, ushairi unajuzu? Na mbona ni mgumu?

Suratush-Shu'araa, aya ya 224 hadi 227, imewalaumu washairi, na miongoni mwa sababu ni kusema wasiyoyatenda. Kisha ikawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit (R.A.) mimbari msikitini ili amtetee kwa mashairi. Imam Shafi'i naye ameuhesabu ushairi kuwa ni maneno kama maneno mengine: hukumu yake hufuata uzuri au ubaya wa kilichosemwa.

Ama ugumu, wa kwanza ni vipimo. Shairi la Kiarabu hupimwa kwa harakati na sukuni, katika elimu ya arudhi aliyoiasisi Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, karne ya 2 Hijria. La Kiswahili hupimwa kwa kuhesabu silabi, aghalabu mizani 8 kwa kila kipande, 16 kwa mshororo. Basi aliyesoma arudhi asidhani kamaliza. Tazama kipande hiki: "Mbuni wetu wa Rungwe." Ukikusudia mti wa kahawa, utatamka m-bu-ni, mizani 3, na jumla itatimia 8. Ukikusudia yule ndege, ni mbu-ni, mizani 2, na kipande kimepungua.

Ugumu wa pili ndio mzito zaidi, nao ni kina kumvuta mtunzi aseme lisilo kweli. Mwanafunzi amsifu mwalimu wake: "Shehe wetu hana kosa." Mizani 8 imetimia na kina cha -sa kimepatikana, lakini maneno ni batili, kwani waliokingwa na madhambi ni Mitume. Angesema "Shehe wetu ana hima," angesalimika. Ila itambidi avunje vina vyote vya ubeti na kuanza upya. Hapo ndipo wengi huchoka, wakauacha uongo ukae.

Sayyidna Umar (R.A.) alimpenda mshairi Zuhayr kwa kuwa hakumsifu mtu ila kwa sifa aliyo nayo. Basi ndugu yangu, kina kikigombana na ukweli, badili kina.

Wallahu a'lam.