MATUMIZI YA MAFUTA YA NAZI NA MAFUTA MENGINE YA MIMEA KATIKA INJINI ZA DIZELI

Kila bei ya dizeli inapopanda, na kila meli ya mafuta inapochelewa kutia nanga, huzuka suala lile lile gereji, bandarini na maofisini: je, gari la dizeli haliwezi kwenda kwa mafuta ya nazi? Suala hilo lina maana na lina jawabu. Visiwa vyetu hupokea dizeli yote kutoka nje, ilhali minazi imejaa mashambani. Kwa hivyo ni vyema wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wakalielewa jambo hili kwa ukamilifu, asije mtu akaharibu chombo chake kwa kufuata maneno ya barazani, wala asiwepo wa kulipuuza jambo lenye manufaa.

Jawabu kwa ufupi ni hili. Injini ya dizeli inaweza kuunguza mafuta ya mimea, lakini mafuta hayo hayafai kutiwa tangini kama yalivyo na gari likaendeshwa kama kawaida. Ama mafuta yatengenezwe yafanane na dizeli, ama chombo kitengenezwe kiyaweze mafuta. Asiyefanya moja kati ya mawili hayo atapata faida ya wiki chache na hasara ya muda mrefu.

ASILI YA JAMBO HILI

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mafuta hurushwa kama ukungu kwenye hewa hiyo, nayo huwaka yenyewe. Kwa sababu hiyo injini hii haichagui sana asili ya mafuta, bali huchagua namna yanavyotiririka na kupulizika. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1893. Katika Maonesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe aliandika baadaye kuwa Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jambo hilo lijaribiwe, kwa kuwa karanga zilistawi katika makoloni yake ya Afrika.

Dizeli ya ardhini ilipokuwa rahisi, mafuta ya mimea yalisahauliwa, lakini si na kila mtu. Mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels, Ubelgiji, alipata hataza ya njia ya kuyageuza mafuta ya mimea yawe mepesi. Mwaka 1938 basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa kwa njia hiyo. Mawese hayo yalitoka Kongo.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa kisiwa cha Bougainville katika Bahari ya Pasifiki. Tangu mwaka 1990, wakati wa vita, kisiwa hicho kilizingirwa na Serikali ya Papua New Guinea, na mafuta hayakuingia. Wananchi wake waliendesha magari na majenereta kwa mafuta ya nazi waliyoyakamua wenyewe. Walifanya hivyo kwa dhiki, na si kwa kuwa ilikuwa njia rahisi; hata hivyo walithibitisha kuwa jambo lenyewe linawezekana.

KWA NINI MAFUTA GHAFI HUHARIBU INJINI

Sababu ni tatu, na kila mtumiaji wa chombo cha dizeli anapaswa kuzijua.

Kwanza, mafuta ya mimea ni mazito. Mnato wake, yaani uzito wa kutiririka, huwa takriban mara kumi ya ule wa dizeli. Pampu hulazimika kuyasukuma kwa nguvu, na nozeli badala ya kuyatoa kama ukungu huyatoa kama matone. Matone hayaungui yote. Yanayobaki hugeuka masizi magumu kwenye ncha za nozeli, kwenye vali na kwenye ringi za pistoni, mpaka ringi zikanasa.

Pili, mafuta ya nazi huganda. Kila mwenye chupa ya mafuta ya nazi nyumbani ameona kuwa asubuhi za kipupwe huwa meupe na magumu. Huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 25 hivi, na hapa kwetu joto la usiku katika miezi ya Juni hadi Agosti hushuka chini ya hapo. Gari lililolala nje likiwa na mafuta hayo tangini halitawaka alfajiri, kwani mafuta yameganda katika bomba na katika chujio.

Tatu, mafuta yasiyoungua hupenya kwenye ringi na kuchanganyika na oili ya injini. Mafuta ya alizeti, soya na mengine yanayofanana nayo hushikana yakipata joto na hewa, na hatimaye oili yote huweza kugeuka kama ute mzito usiolainisha chochote. Hapo injini huwa imekufa. Mafuta ya nazi yana ubora kuliko hayo kwa upande huu, kwa kuwa si mepesi wa kushikana namna hiyo. Lakini kasoro mbili za mwanzo zinabaki pale pale.

Wako wanaochanganya mafuta ya nazi na mafuta ya taa ili kuyapunguza uzito. Mnato hupungua kweli, lakini masizi hayaondoki, na mafuta ya taa hayalainishi pampu kama inavyolainisha dizeli. Uharibifu huahirishwa tu.

NJIA YA KWANZA: KUYAGEUZA MAFUTA

Katika njia hii mafuta yaliyochujwa na kukaushwa maji huchanganywa na methanoli na kiasi kidogo cha kostiki soda, katika joto la wastani. Kwa kila lita 100 za mafuta hutumika takriban lita 20 za methanoli. Mchanganyiko hujitenga: chini hutuama glisirini, ambayo huweza kutengenezewa sabuni, na juu hubaki takriban lita 100 za dizeli ya mimea. Hii huoshwa kwa maji na kukaushwa. Ni nyepesi, haigandi katika baridi ya visiwa vyetu, na hupita kwenye pampu na nozeli bila ya taabu.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Methanoli ni sumu: kuinywa hata kidogo huweza kupofusha macho au kuua, mvuke wake hudhuru, na moto wake mchana hauonekani vyema. Kazi hii si ya jikoni wala ya uani penye watoto. Ni ya karakana yenye mtu aliyefunzwa, hewa ya kutosha na vifaa vya kuzimia moto. Aidha, dizeli ya mimea huyeyusha uchafu wa zamani uliomo tangini, kwa hivyo chujio huziba upesi mwanzoni na huhitaji kubadilishwa. Pia hulainisha na kuharibu mipira ya asili iliyomo katika magari makuukuu.

Nchi ya Ufilipino, ambayo ni ya visiwa na minazi, iliifuata njia hii kwa sheria ya mwaka 2006. Dizeli yote inayouzwa huko ilitakiwa kuchanganywa na asilimia 1 ya dizeli ya nazi tangu mwaka 2007, asilimia 2 tangu mwaka 2009, na asilimia 3 tangu Oktoba 2024. Tufahamu kuwa nchi yenye minazi mingi namna ile imekwenda kwa hatua ndogo ndogo.

NJIA YA PILI: KUKITENGENEZA CHOMBO

Hapa chombo huwekewa matangi mawili. Injini huwashwa kwa dizeli ya kawaida. Ikishapata moto, maji ya rejeta hupitishwa kwenye tangi la pili na kuyapasha mafuta ya mimea mpaka yakawa mepesi, ndipo dereva akageuza swichi. Kabla ya kuzima, hurudi kwenye dizeli kwa dakika chache ili mabomba na nozeli zisibaki na mafuta yatakayoganda.

Njia hii huvumiliwa na injini za zamani zenye pampu madhubuti ya mstari. Injini za kisasa, ambazo mafuta yake hurushwa kwa mgandamizo mkubwa na kuongozwa na kompyuta, hazivumilii. Nozeli zake ni za tundu finyu mno, na gharama ya kuzibadilisha humaliza faida ya miaka. Aidha, njia hii haifai kwa safari fupi za mjini, kwani injini huzimwa kabla ya kupata moto.

Mahali panapofaa zaidi ni kwenye mashine isiyotembea. Jenereta hufanya kazi kwa saa nyingi, kwa mzigo usiobadilika sana, na fundi yupo karibu. Nchini Vanuatu kampuni ya umeme ya mji wa Port Vila iliwahi kuchanganya mafuta ya nazi na dizeli katika mashine zake. Nasi tunalo la kukumbuka. Umeme wa Unguja huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara tangu mwaka 1980. Ulipokatika Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hospitali, hoteli na visima vya maji vilitegemea majenereta ya dizeli.

HESABU YA NAZI

Kabla ya kufurahia, ni lazima tupige hesabu. Nazi moja ya wastani hutoa mbata ya gramu 150 hadi 200, na mbata huwa na mafuta takriban asilimia 60. Kwa hivyo lita moja ya mafuta huhitaji nazi nane hadi kumi. Tangi la lita 60 ni nazi 480 hadi 600. Mnazi unaozaa nazi 40 kwa mwaka utahitaji wenzake kumi na mmoja au zaidi ili mazao yao ya mwaka mzima yajaze tangi moja mara moja tu.

Nazi hizo ndizo za tui la wali, za samaki wa kupaka na za biashara ya mkulima. Magari yakianza kushindana na vyungu, bei itapanda kwa kila nyumba, na wa kwanza kuumia atakuwa asiye na gari. Wala tusidhani kuwa mmea usioliwa humaliza tatizo. Katika miaka ya 2000 kampuni za kigeni zilichukua ardhi Kilwa na Kisarawe kwa ajili ya kilimo cha mbono kaburi. Kazi zilisimama bila ya mafuta yaliyotarajiwa, na wanavijiji wakabaki wakidai ardhi yao.

Mafuta yanayostahili kufikiriwa kwanza ni yale yaliyokwisha kukaangia katika mahoteli na mikahawa. Hayo hayamnyimi mtu chakula, na yakimwagwa mitaroni huziba na kunuka. Lakini yana maji, chumvi na mabaki ya vyakula, na bila ya kutuamishwa, kuchujwa na kukaushwa kwa moto huharibu injini upesi kuliko mafuta mapya.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Dereva aliyekabidhiwa gari la Serikali asitie mafuta ya mimea kwa uamuzi wake mwenyewe.

(b) Magari ya wagonjwa, ya zimamoto na boti za abiria zisifanyiwe majaribio. Boti inayozima mashine katika mkondo wa Pemba huhatarisha roho za watu.

(c) Anayetaka kuchanganya dizeli ya mimea asome kwanza kitabu cha chombo chake. Watengenezaji wengi hukubali asilimia 5, baadhi hufika 20, na wachache huruhusu zaidi.

(d) Anayejaribu kwenye jenereta au mashine ya kusagia abadilishe oili na chujio mapema kuliko kawaida, na asiiache mashine ikiunguruma muda mrefu bila ya mzigo.

(e) Mafuta ya mimea yasiwekwe kwenye chombo chenye maji au kutu, wala dizeli ya mimea isihifadhiwe zaidi ya miezi sita.

Mafuta ya mimea si dawa ya upungufu wa dizeli visiwani, lakini ni akiba inayofaa yakitumiwa kwa elimu na kwa mashine inayoyaweza. Chombo kilichotunzwa vyema, chenye nozeli safi na upepo wa kutosha matairini, huokoa lita nyingi za dizeli, na hilo kila mmoja wetu anaweza kulianza leo.