Nyota wa kikapu aliyeishi na mshipa mmoja wa moyo!

Ukigusia kikapu cha Marekani vijana wa mjini watakutajia Jordan, Kobe na LeBron mpaka mate yawakauke. Mtaje Pete Maravich, wengi watakutolea macho tu. Wiki hii tumwongelee yeye, kwa sababu kisa chake kinamhusu kila anayefunga kamba za raba jioni na kukimbilia uwanjani.

Jamaa alizaliwa mwaka 1947 huko Pennsylvania, baba yake akiwa kocha. Walimpachika jina la 'Pistol' kwa vile alivyokuwa akirusha mpira kutokea usawa wa kiuno, kama mtu anayechomoa bastola. Nywele ndefu, soksi zimelegea mpaka kwenye vifundo, pasi za nyuma ya mgongo, yaani vituko vitupu. Akiwa Chuo Kikuu cha Louisiana State alifunga pointi 3,667 katika misimu mitatu, wastani wa pointi 44.2 kwa mechi, na enzi hizo mtupo wa pointi tatu haukuwepo. Mwaka 2023 kijana mmoja, Antoine Davis, alicheza misimu mitano akaishia pointi 3,664. Yaani kakosa pointi tatu tu kuifikia rekodi hiyo ya wanaume! Kwenye NBA, Maravich alicheza kuanzia 1970 hadi 1980, na Februari 25, 1977 aliwatandika New York Knicks pointi 68 peke yake.

Sasa sikia. Januari 5, 1988, akiwa na miaka 40, alikuwa Pasadena, California, anacheza kikapu cha kujifurahisha na wenzake kwenye ukumbi wa kanisa. Wakapumzika kidogo. Akaulizwa anajisikiaje, akajibu kwamba yuko fiti kabisa. Muda mfupi baadaye, puu! Chini. Hakuamka tena.

Nyota akianguka ghafla namna hiyo midomo ya watu haikosi kazi. Mara madawa, mara pombe, na huku kwetu tungeongeza kuwa kuna mtu kamfanyia. Lakini madaktari walipouchunguza mwili wakakuta kitu ambacho mwenyewe hakukijua maisha yake yote: moyo wake haukuwa na mshipa wa damu wa kushoto. Alizaliwa bila huo mshipa. Ule wa kulia ndio uliokuwa umetanuka ukifanya kazi ya miwili.

Kuna jambo linalosisimua mwili hapa. Mwaka 1974 Maravich alimwambia mwandishi mmoja wa habari kwamba hataki kucheza NBA miaka 10 halafu afe kwa moyo akiwa na miaka 40. Alicheza misimu 10.

Tuingie ndani kidogo, usiogope. Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe haunywi damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake maalumu, wa kulia na wa kushoto, inayochipuka pale pale mwanzo wa aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Madaktari wanaiita mishipa ya korona, kwa kuwa imeuzunguka moyo kama taji. (Ndiyo, ni neno lile lile la kirusi, nacho kilionekana kina taji.) Huu wa kushoto ndio unaolisha sehemu kubwa ya chumba kinachosukuma damu kwenda mwilini. Sasa mtu aukose huo halafu afunge pointi 68?

Kukosa mshipa mzima ni nadra sana. Kinachowapata watu zaidi ni mshipa kuchipuka mahali pasipo pake. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya wagonjwa 126,595 huko Marekani, na kasoro za mishipa hii zilionekana kwa asilimia 1.3 hivi. Wengi wao hazikuwa na madhara yoyote. Mtu anazeeka, anapata wajukuu, anakufa kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Ubaya uko kwenye aina moja. Mshipa wa kushoto unachipuka upande wa kulia, halafu ili ufike kwake inabidi upenye katikati ya aota na ule mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni. Mara nyingi mdomo wake nao umebanwa, ni kama ufa tu. Ukiwa umekaa kwenye kochi unaangalia muvi, hakuna taabu. Ukianza kukimbia, mishipa mikubwa inatanuka, moyo unadai damu zaidi, na huyo wa katikati anabanwa kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni. Moyo unakosa damu, mapigo yanavurugika, kijana anaanguka. Ndiyo maana huwakuta zaidi uwanjani, au dakika chache baada ya kutoka.

Wapo watakaosema hiyo ni kama ya Marc-Vivien Foé, yule Mkameruni aliyeanguka Lyon mwaka 2003. Hapana, yule misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa. Magonjwa mawili, kuanguka kumoja.

Dalili zipo, ila tunazidharau. Kifua kubana ukikimbia, kizunguzungu, kuzimia katikati ya mchezo. Kwenye viwanja vyetu dogo akizimia anamwagiwa maji, ananusishwa kitunguu, anaambiwa hakula mchana, na kipindi cha pili anarudishwa ndani. Mimi hili linaniudhi. Aliyezimia wakati anakimbia asirudi mchezoni mpaka daktari amwone, na amweleze wazi kwamba ilitokea akiwa mbioni. Kipimo cha umeme wa moyo peke yake kinaweza kutoka safi kabisa huku kasoro ipo. Picha ya eko inaweza kuonyesha mishipa inapoanzia, na CT skani ya moyo inaonyesha vizuri zaidi. Kwa hapa Dar, wataalamu wa mambo haya wapo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Akianguka na hapumui sawasawa, achana na kitunguu. Mtu mmoja aite msaada, mwingine aweke mikono katikati ya kifua akandamize kwa nguvu, kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen mwaka 2021, akakandamizwa kifua, akashtuliwa kwa mashine, na akarudi kucheza mpira.

Na akina dada wenye vichanga, kuna aina nyingine: mshipa wa kushoto unachipuka kwenye mshipa wa mapafu, damu isiyo na oksijeni ya kutosha ndiyo inayofika moyoni. Mtoto ananyonya huku analia, anatoka jasho, anahema haraka, haongezeki uzito. Watu wanasema ni chango. Bila operesheni, wengi wa watoto hao hawamalizi mwaka. Wakiwahiwa, daktari anauhamisha mshipa na kuupachika kwenye aota, na moyo uliokuwa umechoka mara nyingi unapata nguvu upya.