Risasi tatu kwenye karatasi, na memwari yangu

Wandugu, leo niwaelezee namna wawindaji wa Marekani wanajitengenezea kartushi nyumbani. Najua, sisi wa Kivu tuko na sababu zetu za kutopenda sauti ya risasi, na mimi wa kwanza. Lakini vumilieni kidogo, juu hii habari iliishia kwenye memwari yangu ya lisansi.

Nilipofika Montana kwa masomo, nilipanga chumba kwa mzee mmoja mwindaji. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa kumi, msimu wa bunduki unafunguliwa, na yeye anapanda mlimani kutafuta elki, yule kulungu mkubwa mwenye pembe kama matawi ya mti. Mwaka mmoja kabla sijafika, alimjeruhi mmoja, akamfuata siku mbili kwenye theluji, hakumpata. Hakupenda kuiongelea, lakini ndiyo sababu majira yote ya joto alikuwa anashinda kwenye gereji na mizani yake.

Kartushi iko na vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na risasi yenyewe mbele. Ganda likishapigwa halitupwi; linaokotwa, linarudishwa umbo, linawekewa fataki mpya. Kiwanda kinatengeneza kartushi za kuingia katika bunduki zote za kipimo fulani. Mzee anatengeneza za bunduki yake moja tu, na anataka kila moja iwe pacha ya mwenzake. Baruti anaipima kwa greni, na greni moja ni kama gramu 0.065 tu. Baruti ikitofautiana, mwendo unatofautiana, na mita 300 mbele risasi moja inaangukia chini ya mwenzake. Hata kina cha kukaza risasi ndani ya ganda kinahesabika. Anafuata buku la watengenezaji wa baruti: anaanzia kiasi cha chini, anapanda kidogo kidogo, hapiti ukomo, juu presha ikizidi bunduki inaweza kumpasukia usoni. Ndiyo maana siandiki vipimo hapa. Asijaribu mtu!

Sasa jaribio lenyewe. Alitengeneza aina kumi, akapiga risasi tatu za kila aina, mita 100, bunduki imelazwa juu ya meza, kisha akapima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Aina moja ilitoa sentimita 2, nyingine 6. Akanionyesha karatasi namba saba: «Hii ndiyo yenyewe.»

Nikamuuliza, kwa adabu, kama anaweza kuipiga tena, mara kumi. Akapiga: sentimita 5.6. Akakasirika, akadhani upepo. Tukachukua ile iliyokuwa mbaya kuliko zote, risasi kumi pia. Sentimita 5.5.

Ndugu msomaji, hapa hakuna uchawi. Ukiongeza risasi kwenye karatasi ileile, umbali wa matundu ya mwisho hauwezi kupungua. Unabaki au unapanuka. Kwa kartushi zilezile, risasi kumi zinatoa kwa wastani upana kama mara 1.6 ya risasi tatu. Na tatu peke yake zinayumba sana. Usiku ule nilitumia laptop kuunda aina kumi za uongo, zote sawasawa kabisa, nikazipigia risasi tatu tatu kwa bahati nasibu. Mara nyingi «mbaya zaidi» ilikuwa karibu mara tatu ya «bora zaidi». Ukichagua mshindi hapo, umechagua bahati.

Mzee alinyamaza muda. Kisha akasema kitu ambacho mimi sikuwa nimekiwaza: kama ni hivyo, basi kartushi zake za mwaka jana hazikuwa na kosa. Sentimita 6 kwa mita 100 ni kama 12 kwa mita 200, na mapafu ya elki ni makubwa kuliko hapo. Kosa lilikuwa yeye mwenyewe, amepiga magoti, pumzi imeisha, mnyama eko mbali sana. Akaacha meza. Kartushi zilizobaki alizimaliza akifanya mazoezi ya kupiga kwa magoti.

Mimi nilirudi chumbani nikafungua data ya memwari. Aina nane za maharagwe, viwanja vitatu kwa kila aina. Vitatu! Nilikuwa nimetangaza mshindi mbele ya juri, nikapata distenksio, na kikundi kimoja cha wamama wakapanda ile mbegu kwa neno langu. Nilipohesabu tena, tofauti kati ya aina ya kwanza na ya nne ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya viwanja viwili vya aina moja. Yaani nilipima rutuba ya shamba, nikaiita mbegu.

Nilikaa wiki nzima na haya kabla ya kumwandikia mama prezidenti wa kikundi. Alinijibu kwa sauti kwenye WhatsApp, anacheka: ile mbegu waliiacha tangu msimu wa pili, juu ilikuwa inakawia kuiva jikoni na inamaliza makaa, na mavuno yalikuwa yaleyale. Walirudia ya zamani. Hawakuniambia, juu walijua niko na masomo.