Wahunzi wa Siku ya Mapumziko

Uhunzi wa kujifurahisha ni kazi ya kufua chuma kwa moto na nyundo inayofanywa na mtu ambaye riziki yake inatoka kwingine. Mwalimu, dereva wa lori au askari mstaafu huwasha jiko Jumamosi asubuhi nyuma ya nyumba, akafua ndoano, kisu au bawaba ya mlango, na jioni akauzima moto bila kumdai mtu senti. Burudani hii imeenea hasa Marekani, Kanada, Uingereza, Australia na baadhi ya nchi za Ulaya. Ilipata nguvu kulekule ambako uhunzi wa riziki ulikuwa umekata roho.

Marekani ndiyo inayoonyesha mambo yalivyokwenda. Miaka ya 1910 nchi hiyo ilikuwa na farasi na nyumbu zaidi ya milioni 20, na hakukuwa na kijiji kilichoweza kuishi bila mhunzi. Yeye ndiye aliyepiga viatu vya farasi, aliyenoa plau na kufunga pete za chuma kwenye magurudumu ya mikokoteni. Trekta na gari zikamwondoa farasi, ulehemu ukarahisisha kuunga vyuma, na viwanda vikauza bawaba na misumari kwa bei ambayo nyundo ya mkono haikuweza kushindana nayo. Kufikia miaka ya 1960 karakana nyingi zilikuwa zimefungwa au zimegeuzwa gereji, na fuawe zake zimeuzwa kama chuma chakavu.

Mwaka 1969 Alex Bealer, mtu wa Atlanta aliyekuwa katika kazi ya matangazo ya biashara, alichapisha kitabu The Art of Blacksmithing, kilichoeleza hatua kwa hatua yale ambayo wazee walikuwa wakienda nayo kaburini. Wakati huohuo L. Brent Kington, sonara aliyefundisha Chuo Kikuu cha Southern Illinois mjini Carbondale, aliuingiza uhunzi katika masomo ya sanaa. Mwaka 1973 wahunzi wachache walikutana Lumpkin, katika jimbo la Georgia, wakaanzisha chama cha wahunzi wasanii wa Amerika Kaskazini, kinachojulikana kwa ufupi kama ABANA. Waingereza walianzisha chao, BABA, mwaka 1978. Tangu hapo vyama vidogo vya majimbo na wilaya vimezagaa, na wengi wa wanachama hawana babu wala baba aliyewahi kushika koleo.

Kazi yenyewe huanza na moto. Jiko la asili linatumia mkaa wa miti au makaa ya mawe, na hewa husukumwa kwa mvukuto au kwa feni ya mkono. Feni za kampuni ya Champion ya Lancaster, Pennsylvania, zilizotengenezwa zamani hizo, bado zinazunguka katika karakana nyingi za leo, mradi zitiwe mafuta. Makaa ya mawe mazuri ni yale yenye salfa kidogo, kwa maana salfa huharibu maungo ya chuma. Mhunzi huyapanga pembeni mwa moto yachomeke polepole, moshi utoke, yabaki magumu na mepesi, ndipo ayasogeze katikati panapokolea joto. Wanaoishi mjini, penye majirani wasiopenda moshi, hutumia jiko la gesi: boksi la chuma lililotandikwa sufi ya kauri ndani. Linawaka mara moja na halichafui, ila lina kasoro yake. Linapasha kipande chote kilichomo, na mhunzi anayetaka joto sehemu moja tu ya fito analitamani jiko la makaa.

Anayeanza bila fedha hahitaji hata moja kati ya hayo mawili. Boksi la mbao likijazwa udongo wa mfinyanzi, likachimbwa kijishimo juu na kuingizwa bomba ubavuni, halafu bomba likaunganishwa na pampu ya hewa au kikausha nywele, hapo jiko limekamilika. Wahunzi wa zamani wa Afrika Mashariki, waliokaa chini mbele ya shimo la mkaa lenye kewa, yaani mdomo wa udongo wa kupitishia hewa, iliyofungwa mivukuto ya ngozi, wasingeshangaa kuliona.

Baada ya moto ni fuawe, na hapa ndipo mazungumzo ya wahunzi huwa marefu kuliko kazi. Fuawe ya Kiingereza ina uso bapa wa feleji, pembe ya mviringo upande mmoja kwa ajili ya kukunja, na matundu mawili nyuma: la mraba, la kusimamishia zana kama tindo, na la duara, la kutobolea. Majina ya watengenezaji wa kale yanatajwa kwa heshima: Peter Wright na Mousehole wa Uingereza, Hay-Budden wa Brooklyn, Fisher wa Trenton, New Jersey, aliyetia alama ya tai ubavuni. Fuawe za Fisher zilikuwa na mwili wa chuma cha kusubu na bamba la feleji juu, na kwa sababu hiyo hazilii kengele zinapogongwa. Nyingine nyingi hulia, na anayejali masikio yake huzifunga mnyororo au hubandika sumaku nzito chini ya pembe ili makelele yapungue.

Fuawe kuukuu ya Kiingereza mara nyingi ina tarakimu tatu ubavuni zinazowatatiza wageni. Ikiandikwa 1, 2, 10, huo si mwaka wala si nambari ya kiwanda. Ni uzito: tarakimu ya kwanza huhesabiwa kwa ratili 112, ya pili kwa ratili 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Jumla ni 112 na 56 na 10, yaani ratili 178, karibu kilo 81. Mnunuzi mzoefu akishaisoma hesabu hiyo hutoa mfukoni gololi ya feleji na kuiachia idondoke usoni mwa fuawe. Ikiruka na kurudi karibu pale ilipotoka, uso ni mgumu na ni mzima. Ikianguka pu na kubaki, huenda fuawe ilipita katika moto wa nyumba iliyoungua na ugumu wake ukapotea, na hapo bei hushuka ghafla. Kipande cha reli kilichosimamishwa wima juu ya gogo kinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza, ingawa ni wachache wenye subira ya kukubali hivyo.

Nyundo ya kuanzia ni ya kilo moja hivi. Wageni hupenda kubwa zaidi, na mkono unawaadhibu kabla ya adhuhuri. Jiliwa la wahunzi lina mguu mrefu unaofika sakafuni, ili kishindo cha nyundo kiishie ardhini. Jiliwa la kawaida la mezani, ambalo mwili wake ni wa kusubu, likipigwa hivyo hupasuka. Kuhusu makoleo, mhunzi hana budi kuwa na mengi, maana kila unene na umbo la chuma hutaka mdomo wake. Raha ni kwamba anaweza kuyafua mwenyewe. Uhunzi ni miongoni mwa kazi chache ambazo fundi hujitengenezea vifaa vyake kwa vifaa vilevile alivyo navyo, kwa hiyo tindo, toboo, na hata nyundo yenyewe inaweza kutoka katika jiko la mwenyewe.

Somo la kwanza karibu kila mahali ni kuvuta ncha. Mwanafunzi hupewa fito ya duara, nyembamba kama kidole, akaipasha mpaka iwe ya rangi ya chungwa iliyoelekea njano. Mkosaji huanza kuizungusha na kuigonga kila upande ili ibaki duara huku ikichongoka. Ngozi ya nje hukimbia kuliko kiini, ncha huacha tundu katikati, wahunzi huliita mdomo wa samaki, na mapigo machache baadaye fito hupasuka kwa urefu. Njia iliyonyooka ni kuipiga fito iwe mraba kwanza, kuichongoa ikiwa mraba, kisha kuzipiga pembe iwe ya pande nane, na mwisho kabisa kuirudisha duara kwa mapigo mepesi. Yote hayo hufanywa chuma kikiwa na rangi. Fito nyembamba hupoa ndani ya sekunde chache, na kuipiga ikiwa imeiva nusu huleta nyufa. Ncha ikikamilika hupashwa tena, ikakunjwa juu ya pembe ya fuawe, ikawa ndoano ya kutundikia sufuria.

Chuma laini cha fito na nondo nyingi kina kaboni kidogo, na hakipati ugumu wa maana hata kikichovywa majini. Kisu na tindo hutaka feleji yenye kaboni ya kutosha, na hazina ya bei nafuu ni springi za magari yaliyokufa, zenye kaboni kiasi cha asilimia 0.6. Kipande kikishafuliwa hupashwa mpaka sumaku isikishike, jambo linalotokea karibu nyuzi 770 za Selsiasi, kikaongezwa joto kidogo tena, halafu kikachovywa kwenye mafuta. Hutoka kigumu, lakini kikianguka sakafuni huvunjika kama kioo. Hivyo husuguliwa king'ae na kupashwa tena taratibu huku mhunzi akitazama rangi zinavyotambaa usoni: njano ya majani makavu karibu nyuzi 220, kahawia, zambarau, kisha buluu karibu nyuzi 300. Makali ya kisu husimamishwa kwenye njano. Springi huachwa ifike buluu.

Hatari kubwa si ile inayong'aa. Chuma kilichopoa kikawa cheusi bado kinaweza kuwa na joto la kubabua ngozi, na desturi ni kukikaribia kwa mgongo wa kiganja kabla ya kukigusa. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki hayaingizwi motoni, kwa kuwa mafusho yake huleta homa na kubana kifua, na yakizidi huua. Karakana ipitishe hewa, macho yavae miwani, na nguo ziwe za pamba, kwani za nailoni huyeyukia mwilini.

Haya yote mtu anaweza kujisomea peke yake, lakini anayejifunza hivyo hutumia miezi kugundua jambo ambalo jirani angemwonyesha kwa dakika kumi. Hiyo ndiyo sababu ya mikutano. Chama cha wilaya hukutana mara moja kwa mwezi katika karakana ya mwanachama mmoja. Mmoja huonyesha kazi, wengine huzunguka, maswali huulizwa katikati ya mapigo. Nje, mabuti ya magari yamefunguliwa na vifaa kuukuu vimepangwa nyasini kwa kuuzwa au kubadilishana. Adabu zake ni chache na hazina mjadala: nyundo ya mtu haiguswi bila ruhusa, na uso wa fuawe haupigwi mtupu. Kuna pia bahati nasibu inayoitwa chuma kofiani. Kila aliyekuja huleta kitu, ndoano aliyofua, mfuko wa makaa, tupa aliyookota, tiketi huuzwa na kutiwa kofiani, na fedha zake huendesha chama. Aghalabu mgeni hurudi nyumbani na koleo lake la kwanza kwa njia hiyo.

Ushirika uko hata ndani ya kazi. Kipande kinene humshinda mtu mmoja, kwa hiyo msaidizi husimama mbele na nyundo kubwa. Mhunzi hagombi wala haelezi. Hugusa kwa nyundo yake ndogo pale anapotaka pigo lianguke, msaidizi akapapiga, na mhunzi akiigonga fuawe pembeni, msaidizi huacha. Watu wasiofahamiana asubuhi huwa wameshapatana mapigo kabla ya chakula cha mchana.

Uwazi huu wa kufundishana ni mgeni katika historia ya uhunzi. Ulaya ilikuwa na vyama vya mafundi vilivyolinda siri na soko, na kijana alitumikia miaka kabla ya kuruhusiwa kufungua karakana. Kwa Wamasai, wahunzi, yaani ilkunono, walikuwa watu wa kutengwa ambao wengine hawakuoana nao. Kwa Wachaga kazi ilishikwa na koo maalumu, na laana iliyotolewa kwa nyundo ya mhunzi iliogopwa. Siri ililindwa kwa sababu ilikuwa mkate. Wahunzi wa mapumziko hawana mkate wa kulinda, na wanachoogopa ni ujuzi kupotea. Mhunzi Francis Whitaker, aliyezaliwa 1906, alijifunza kwa Samuel Yellin mjini Philadelphia na baadaye kwa Julius Schramm mjini Berlin, akafanya kazi California na Colorado, na uzeeni akawa akifundisha yeyote aliyekuja, mpaka alipofariki 1999. Shule kama ile ya John C. Campbell huko Brasstown, North Carolina, iliyoanzishwa 1925, hupokea wanafunzi wa uhunzi kwa kozi za wiki moja, na hakuna anayeulizwa ukoo wake.

Makumbusho ya metali ya Memphis, Tennessee, iliyofunguliwa 1979, imekuwa na desturi inayoonyesha sura nyingine ya ushirika huu. Kwa siku chache za msimu wa vuli, mafundi wa kujitolea kutoka majimbo mbalimbali hukusanyika hapo, na wakazi huwaletea birika zilizotoboka, vinara vilivyovunjika na mageti yaliyopinda. Malipo ya matengenezo huenda kwa makumbusho. Huko Ulaya, ngome ya Helfštýn katika Ucheki huwakusanya wahunzi wa nchi nyingi kila Agosti tangu 1982, wakifua mbele ya watazamaji. Septemba 2016 wenzao walikutana Ypres, Ubelgiji, katika mkutano uliosimamiwa na BABA, wakatengeneza kwa pamoja mnara wa kumbukumbu ya wafu wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Paneli zake zilifuliwa na watu kutoka nchi zilizopigana pande zote mbili, na mnara umesimamishwa Langemark, jirani na makaburi ya askari wa Kijerumani.