Kilichofichwa chini ya rangi



Wapendwa, katika kitabu cha Kutoka kuna mtu ambaye mahubiri yetu humpita haraka. Anaitwa Bezaleli, wa kabila la Yuda. Mungu alipotaka hema lake lijengwe jangwani, alimjaza mtu huyu roho yake. Hakumjaza ili atabiri wala ili aende vitani. Alimjaza ili aweze kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga mbao. Ukisoma mpaka sura ya 35, aya ya 34, utakuta jambo ambalo ni rahisi kulikosa: pamoja na ufundi huo, Mungu alimtia moyoni, yeye na mwenzake Oholiabu wa kabila la Dani, uwezo wa kufundisha wengine. Vipawa hivyo viwili vilitolewa siku moja na kwa watu wale wale.

Namkumbuka Bezaleli kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Mzazi wa mtoto aliyefaulu huja parokiani mchana kweupe kuomba Misa ya shukrani. Mzazi wa aliyepata ziro huja jioni, anakaa ukingoni mwa kiti, na baada ya salamu ndefu anasema, "Padri, huyu tumeamua tumpeleke gereji tu."

Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya niandike leo.

Gereji zina mafundi wa namna nyingi. Yuko wa injini, yuko wa umeme, yuko wa breki. Ninayemsema hapa ni fundi bodi, yule anayeletewa gari baada ya ajali: boneti imekunjamana, mlango umeingia ndani, bampa linaning'inia. Pita Gerezani, Dar es Salaam, na utasikia nyundo zao kabla hujayaona magari. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni kugonga bati mpaka linyooke, kisha kupiga rangi. Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipoanza kuwauliza mafundi wenyewe.

Mwanagenzi wa bodi hufundishwa kwanza kuisoma ajali. Gari likigongwa, bati halikunjiki lote kwa mara moja. Kuna mkunjo wa kwanza pale lilipopigwa, halafu mingine hufuata, ikisafiri mbali hadi kwenye nguzo ya mlango au kwenye paa. Fundi mzuri huanza na mkunjo uliokuja mwisho, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi ule wa kwanza. Anayekimbilia shimo kubwa na kulitwanga kwa nguvu hukitanua chuma, na chuma kilichotanuka hakirudi tena kwa nyundo. Kitataka moto, na baada ya moto kitambaa chenye maji, ili kisinyae. (Mapadre wenzangu wanaokaa kitubioni wataelewa kwa nini nilitabasamu nilipoelezwa hilo.)

Mkono mmoja unashika nyundo. Mwingine unashika kipande kizito cha chuma upande wa pili wa bati. Nyundo ikilenga juu ya kile chuma, mlio ni mkali. Isipolenga, mlio unafifia. Sikio linajifunza hivyo, siku baada ya siku. Kisha kinakuja kiganja. Macho hudanganywa na mwanga, kwa hiyo fundi hupapasa bati polepole, wengine wakiweka kitambaa chembamba katikati, wakitafuta bonde lisilozidi unene wa karatasi. Kijana wa miaka 17 anayeweza kulitambua bonde hilo kwa kiganja ana elimu ambayo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya falsafa na teolojia seminarini, sina.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye gari hulijua mara chache. Mwaka 1951 mhandisi Béla Barényi, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Daimler-Benz nchini Ujerumani, aliomba hataza ya wazo lililokwenda kinyume na fikra za wengi. Watu waliamini gari gumu kote ndilo salama. Yeye alisema sehemu ya mbele na ya nyuma zitengenezwe ziweze kukunjamana, na chumba cha katikati wanamokaa watu ndicho kiwe kigumu. Mwaka 1959 lilitoka gari lililoundwa kwa wazo hilo, na leo magari madogo karibu yote tunayoyaona barabarani yanalifuata. Bati la mbele hujikunja ili linyonye nguvu ya ajali kabla haijamfikia dereva na abiria.

Maana yake ni kwamba gari linaloletwa gereji limekunjamana, huku waliokuwemo wakiwa hai, limetimiza kazi yake. Limeumia badala yao. Sitalazimisha mahubiri kwenye bati. Mnaoijua Ijumaa Kuu mmeshaelewa. Ninachotaka kusema ni kwamba fundi bodi anaporekebisha gari hilo, anarudisha zaidi ya sura yake. Anairudishia ile sehemu uwezo wa kumwokoa mtu mwingine siku nyingine. Baadhi ya vyuma vya magari ya siku hizi, ukivichoma moto kupita kiasi, hupoteza nguvu vilivyopewa kiwandani, na kwa macho hutajua kitu. Rangi itang'aa vilevile.

Hapo ndipo inapoingia puti.

Puti si dhambi. Baada ya bati kunyooshwa vizuri, hubaki mabonde madogo ambayo nyundo haiwezi kuyamaliza, na puti kidogo, milimita mbili tatu, huyasawazisha kabla ya praima na rangi. Kazi ya kudanganya ni ile ambapo bati limeingia ndani kina cha vidole viwili na hakuna anayelivuta. Shimo linajazwa puti, linapigwa msasa, linapakwa rangi, na jioni gari linang'aa kuliko lilivyotoka bandarini. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anawakemea manabii waliopaka chokaa juu ya ukuta mbovu na kuwaambia watu kuwa kuna amani. Mvua ilikuwa inakuja, na chokaa isingeuzuia ukuta kuanguka. Nasi pia tuna masika yetu: puti nene hupasuka, maji huingia, kutu hula chini kwa chini, na mwenye gari hujua siku rangi inapovimba kama lengelenge.

Mafundi wenyewe wana kipimo rahisi. Huchukua sumaku ndogo, wakaifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, wakaipitisha kwenye mlango. Penye bati la chuma inashika. Penye puti nene inateleza na kuanguka. (Kwenye bampa la plastiki haishiki pia, kwa hiyo usije ukamgombeza fundi wa watu bure.)

Sasa jiulizeni, nani anamfundisha mwanagenzi kudanganya kwa puti? Hakuja nayo kutoka nyumbani. Anamtazama fundi wake, na fundi wake anatutazama sisi. Mwenye gari anafika Jumatano, analitaka Ijumaa kwa sababu Jumamosi kuna harusi. Anatajiwa bei ya kunyoosha, anashika kichwa. Halafu anasema, "Fundi, we ziba ziba tu, hili naliuza." Anayasema hayo mbele ya kijana aliyeinama na msasa mkononi. Kijana huyo amepata somo, na aliyemfundisha ni mtu mzima mwenye rozari inayoning'inia kwenye kioo cha gari lake. Atakayelinunua gari lile ni mama wa watoto watatu anayeweka akiba miaka mitano, naye atawaketisha watoto nyuma ya bati ambalo halipo.

Tuje kwa kijana mwenyewe. Wengi huingia gereji bila karatasi yoyote. Mzazi anampeleka, fundi anasema "aje kesho," yamekwisha. Mwaka wa kwanza anaitwa saidia fundi: anaosha, anabeba, anafuata chai, anapiga msasa. Msasa wenyewe ni somo la kweli. Kujua lini utumie namba 80, lini upande hadi 400 na zaidi, si mchezo. Lakini nimekutana na vijana wenye miaka mitatu ya msasa na chai, ambao hawajawahi kushika bunduki ya kupulizia rangi wala kuruhusiwa kukaribia meza rangi inapochanganywa. Fundi akifika hatua hiyo anawatuma dukani.

Simlaumu haraka fundi huyo. Anajua kwamba kijana akiijua siri ya rangi, mwakani atafungua gereji mtaa wa pili na kushusha bei, na fundi wa mtaani hana pensheni. Hofu yake ni ya kweli. Ila Bezaleli alikuwa na hofu gani, hata Mungu akaona ni lazima amtie moyoni uwezo wa kufundisha? Labda jangwani nako mafundi walikuwa wanatuma wanagenzi dukani. Anayeficha ujuzi mpaka kaburini amepokea nusu ya kipawa, na nusu nyingine ameirudisha bila kuifungua. Kuhusu posho isiyolipwa sina la kuongeza juu ya mtume Yakobo. Someni sura ya 5, aya ya 4, na msome polepole.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mapafu. Rangi nyingi za magari zinazochanganywa na dawa ya kukausha huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinajulikana duniani kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu inayotokana na kazi. Kitambaa puani hakizuii mvuke wake, na hata barakoa ya vumbi haitoshi. Inatakiwa yenye chujio la kaboni, na kilicho bora zaidi ni kifaa kinachomletea mpulizaji hewa safi kutoka nje. Vijana wetu huambiwa wanywe maziwa. Maziwa ni chakula chema, lakini yanakwenda tumboni, na mvuke unakwenda kwenye mapafu. Mwenye gari anayelipa mamia ya maelfu kwa rangi anaweza kuuliza, kabla hajatoa pesa, kijana atavaa nini.

Kanisa halianzi leo katika mambo haya. Tarehe 8 Februari 1852, mjini Torino, Italia, Padri Yohane Bosko alisimamia mkataba kati ya fundi seremala mmoja na kijana aliyekuwa anaingia kujifunza kazi. Karatasi ile ipo hadi leo. Fundi aliahidi kumfundisha kijana ufundi wake katika muda wa miaka miwili, kutomtuma kazi zisizohusu ufundi huo, kumrekebisha kwa maneno na si kwa vipigo, kumwacha huru siku za sikukuu, na kumlipa ujira unaopanda kadiri muda unavyokwenda. Kijana naye aliahidi utii na bidii, na baba yake akamdhamini. Ninaposoma masharti yale naona padri aliyekwisha kuzunguka karakana za mji, akaona vijana wanavyotumwa na kupigwa, akaamua kwamba kuwaombea peke yake hakutoshi. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1934. Wasalesiani wake wanafundisha ufundi hapa kwetu pia, Dodoma na Iringa.

Nasi tuna njia zetu. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi wa magari na vyeti vinavyotambulika. Hata aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti bila kuanza upya darasani. Wapo mafundi wa miaka 20 kazini wasiolijua hilo, na tangazo moja kanisani baada ya Komunyo lingewafikia wengi.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamchora mhunzi kando ya fuawe: moshi wa moto unaunguza mwili wake, kelele za nyundo zimejaa masikioni, macho yanatazama mfano wa kile anachokifanya. Anasema watu kama hao hawatafutwi katika baraza, lakini bila wao mji haukaliki, na kwamba sala yao imo ndani ya kazi yao. Nimehesabu wajumbe wa halmashauri ya walei ya parokia yangu. Walimu wapo, wahasibu wapo, wastaafu wapo. Fundi wa gereji hayupo hata mmoja.

Yupo hata hivyo kijana wetu mmoja aliye mwaka wa pili kwa fundi bodi. Baba yake aliandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari, wakasaini yeye na fundi, na mwenyekiti wa jumuiya akawa shahidi. Kipengele cha nne kinasema atafundishwa kuchanganya rangi kabla mwaka huu haujaisha, na fundi amekwisha kuanza kukitimiza. Mfukoni kijana anatembea na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Baada ya Misa ya kwanza huzungukia magari yaliyoegeshwa uwanjani, akaipitisha taratibu mlangoni, wenye magari wakimtazama kwa wasiwasi kidogo. Jumapili iliyopita alifika kwenye gari la parokia. Nilimuuliza kama imeshika.

"Mlango wa kulia imeshika, Padri," akasema. "Huu wa kushoto tuongee baadaye."